Mgonjwa wa AVC (kiharusi): pima tansiyo (msukumo wa damu) kabla ya kumsimamisha

Siku ya Kiharusi Duniani, tarehe 29 Oktoba, huwa tunaeleza namna ya kujikinga na AVC. Safari hii nazungumza na familia ambazo ugonjwa umekwisha kuingia katika lupango yao, kwa sababu malalamiko yanayofika katika huduma yetu ya kinesi (mazoezi ya viungo) hapa Lubumbashi yamezidi kufanana. «Mgonjwa wetu munamulaza sana.» «Tulimusimamisha sisi wenyewe nyumbani, akaanguka.» Nia ni njema, tunaiona. Ila watu wanatazama mkono na mguu tu, na moyo wanausahau.

Ubongo ndio unaoongoza mapigo ya moyo na kukaza au kulegeza mishipa ya damu, mchana na usiku. Shingoni, na katika mshipa mkubwa unaotoka moyoni, kuna vihisi vinavyopima msukumo wa damu kila moyo unapopiga. Mtu akisimama, nusu lita ya damu au hata zaidi huteremka tumboni na miguuni. Vihisi vinauarifu ubongo, nao unakaza mishipa na kuharakisha moyo, mwenyewe hasikii kitu. AVC inaweza kuharibu njia hiyo, hasa ikigusa shina la ubongo au sehemu inayoitwa insula. Hapo mwili unajibu kwa kuchelewa, na hali hiyo pengine hudumu wiki nyingi: macho yanaingia giza, miguu inalegea, mgonjwa anaanguka. Si uvivu. Hakuna aliyemloga. Na anayemvuta kwa nguvu ili asimame anaweza kuupunguzia damu ubongo uleule tunaojaribu kuuponya.

Utafiti wa AVERT, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuata wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano. Wale walioanzishwa mazoezi mengi ndani ya saa 24 za kwanza hawakupona vizuri kama waliopata huduma ya kawaida. Mazoezi mafupi, yanayorudiwa mara kadhaa kwa siku, ndiyo yaliyoonekana kusaidia. Kwa hiyo mkituona tunamkalisha mgonjwa kwa muda mfupi na kumrudisha kitandani, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nyumbani fuateni utaratibu huu, bila kuruka hatua. Mgonjwa alale chali dakika tano, asizungumze. Mfungieni mashine ya tansiyo kwenye mkono mzima, si ule uliopooza. Andikeni namba zote mbili, mapigo ya moyo na saa. Kisha akae ukingoni mwa kitanda, nyayo zikigusa chini, dakika mbili au tatu, mwulizeni anajisikiaje. Ndipo asimame, mtu mmoja akiwa upande wake dhaifu. Pimeni baada ya dakika moja, mpime tena dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mrudisheni alale, hata kama anasema hasikii kizunguzungu. Wanaohesabu kwa «14 juu ya 8» wajue kwamba 20 ni kutoka 14 hadi 12 (yaani 140 hadi 120). Andikeni vipimo vyote, mtuletee. Daftari lenye «14» peke yake halitusaidii, na anayekuja bila daftari tunalazimika kuanza naye upya, kulala na kusimama, wakati wengine wanangoja.

Oktoba joto letu ni kali, mvua bado haijatulia, na familia nyingi zinamnyima mgonjwa maji ili asikojoe kitandani. Msifanye hivyo. Maji yakipungua mwilini, tansiyo inaanguka upesi zaidi anaposimama. (Kama kumeza kwake hakujapimwa, ulizeni kwanza.) Baada ya sahani kubwa ya bukari (ugali) damu nyingi huenda tumboni, kwa hiyo mazoezi yangoje. Choo cha kuchuchumaa ni hatari kweli: mgonjwa anajikamua, kisha anainuka ghafla. Tafuteni kiti chenye tundu, fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza. Lavema za mitishamba (dawa za kuingizwa kwa njia ya haja kubwa) acheni kabisa.

Halafu kuna maneno haya, ambayo nimechoka kuyasikia: «Tansiyo imerudi 12, amepona, tumeacha vidonge.» Imerudi 12 kwa sababu ya vidonge! Dawa nyingine zinazopunguza mwendo wa moyo zikikatwa ghafla, moyo hukimbia na tansiyo hupanda kwa hatari. Akizidi kupata kizunguzungu, munganga wa hospitali ndiye atakayebadilisha kipimo au saa ya kumeza, si jirani, wala muuzaji wa farmasi. Anayemeza dawa hizo, mapigo yake hayapandi sana hata akichoka. Katika mazoezi sikilizeni maneno yake. Akishindwa kumaliza sentensi, mpumzisheni.

Mapigo ya kifundo cha mkono mhesabu dakika nzima. Yakiwa hayana mpangilio, moja haraka, jingine likichelewa, aletwe kufanyiwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kwa sababu moyo unaopiga hivyo unaweza kutengeneza damu iliyoganda, na hatari ya AVC huongezeka karibu mara tano. Zipo dawa za kuzuia hilo, lakini huanzishwa baada ya picha ya skana kuonyesha kama AVC ya kwanza ilikuwa ya kuziba au ya kuvuja damu. Maumivu ya kifua, kuzimia, kukosa pumzi, au mdomo kupinda upya: msingoje siku ya randevu, mleteni saa hiyohiyo, hata usiku.