Mzinga wa Verne, bamba la Wells: mchawi ni nani?

Nafundisha fizikia, na swali hili hunifuata hadi nje ya darasa: vyombo vya kwenye hadithi za kisayansi vina tofauti gani na uchawi? Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu kwa kanuni ya mwandishi wa hadithi za kisayansi Arthur C. Clarke ya mwaka 1973, kwamba teknolojia iliyopiga hatua vya kutosha haipambanuliki na uchawi. Sawa, ila kanuni hiyo inamhusu mtazamaji asiyejua. Haisemi lolote kuhusu hadithi yenyewe.

Mimi hurudi kwenye ugomvi wa zamani. Mwaka 1865 mwandishi Mfaransa Jules Verne, katika riwaya yake, aliwarusha watu kuelekea mwezini kwa mzinga wa futi 900, kama mita 274 hivi. Mwaka 1901 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akawapeleka wake kwa cavorite, kitu cha kubuni kinachozuia mvutano wa dunia kama pazia linavyozuia jua. Verne hakupendezwa: yeye anatumia fizikia, mwenzake anabuni tu, hiyo metali iko wapi, aionyeshe!

Haya, tupige hesabu. Kutoka sifuri hadi kilomita 11 kwa sekunde, kasi inayohitajika kuiacha dunia, ndani ya mita 274, abiria anasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 20,000 na ushei. Mtu wa kilo 70 angeelemewa kana kwamba ana zaidi ya tani 1,500. Verne aliwawekea maji chini ya sakafu yapunguze mshtuko. Maji! Wangekuwa uji kabla ya kufika mdomoni mwa mzinga.

Na Wells, huyo "mchawi"? Anajiuliza: mvutano ukizuiwa, hewa iliyo juu ya bamba la cavorite itakuwaje? Itakosa uzito, itapaa kama chemchemi, ya pembeni itakimbilia pengo, nayo ipae. Hadithini paa la nyumba linang'oka, na kama bamba lenyewe lisingeruka, lingeinyonya hewa yote ya dunia. Nakiri cavorite inavunja kanuni kwamba nishati haipatikani bure: weka gurudumu nusu juu ya bamba, nusu nje, litazunguka milele. Lakini imeleta madhara ambayo aliyeitengeneza hakuyaagiza. Linganisha na uchawi: jini wa taa ya Aladini hujenga kasri usiku mmoja, na hakuna anayeuliza mawe yametoka wapi.

Ndiyo maana nikikutana hadithini na injini inayoupita mwanga kwa kasi, siulizi inawezekanaje. Nauliza joto lake linakwenda wapi, na ikikorofisha njiani, fundi anashika spana ipi.