Albamu ya Shone: mapenzi yaliyofichwa mahali peupe

Kwa watazamaji wengi wa kwetu, sinema ya Thailand ni viwiko na magoti ya Tony Jaa kwenye Ong-Bak, filamu ya ngumi ya mwaka 2003. Sahamongkol, kampuni iliyokuwa nyuma ya ngumi zile, ilikuwa pia nyuma ya filamu ya binti wa shule anayeshindwa kumwambia kaka wa kidato cha juu kwamba anampenda. Ilitoka tarehe 12 Agosti 2010, siku ambayo Thailand huadhimisha Sikukuu ya Akina Mama, na nje ya nchi inajulikana kwa majina mawili: First Love na Crazy Little Thing Called Love. Waliiongoza wawili, Puttipong Pormsaka Na-Sakonnakorn na Wasin Pokpong. Mimi naandika miswada ya filamu, na kijana akiniletea hadithi ya mapenzi ya shuleni, kabla sijaisoma namwambia akaitazame hii. Ina udhaifu wake, nitaufikia. Lakini kuna jambo moja inalolifanya vizuri kupita filamu nyingi za aina yake. Hapa chini nasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo asiyeiona aitazame kwanza.

Nam, anayeigizwa na Pimchanok Luevisadpaibul, ana miaka 14. Ana miwani, ngozi yake ni nyeusi kuliko inavyosifiwa kwao, na ana marafiki watatu wanaopiga kelele kuliko yeye. Anampenda Shone, anayeigizwa na Mario Maurer: mpiga mpira, mtundu kidogo, anayependwa na nusu ya shule. Sekondari ya Thailand ina madarasa sita, kama vidato vyetu vya Tanzania kuanzia cha kwanza hadi cha sita. Nam yuko la kwanza, Shone la nne. Piga hesabu: Nam akimaliza la tatu, Shone anamaliza shule. Huo ndio muda wote walio nao, na mwandishi hakulazimika kumleta mgonjwa wa saratani wala ajali ya gari ili watu waharakishe. Kalenda ya shule inatosha. Halafu akaongeza kamba ya pili: baba yake Nam anafanya kazi Marekani, na ameahidi kumpeleka huko binti yake akiwa wa kwanza katika masomo. Ona mtego ulivyokaa. Nam anasoma ili aende kwa baba, na kila akipanda nafasi moja, anajisogeza mbali na Shone.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Karibu filamu nzima tunakaa upande wa Nam. Tunajua anachokijua, tunaona anachokiona, na tunaelewa vibaya anapoelewa vibaya yeye. Shone tunamwona kwa mbali tu: uwanjani, kwenye baiskeli, akiwa na kamera shingoni. Kumbuka hiyo kamera. Iko pale tangu mapema, hakuna anayeizungumzia, na mtazamaji anaichukua kama pambo la kijana mtanashati. Siku ya wapendanao Shone anamletea Nam waridi lililopandwa kwenye chungu na kusema kuna rafiki aliyemtuma. Nam anaamini, nasi tunaamini pamoja naye. Shone akiwa karibu na Nam anakuwa mpole mno au anatoweka ghafla, na binti anayejiona mbaya wa sura hawezi kuyasoma hayo kwa namna nyingine: hanitaki. Baadaye anakuja Top, rafiki wa Shone, anamtaka Nam na anakataliwa. Kwa uchungu anamfunga Shone kwa ahadi kwamba naye asimfuate. Hapo kila mmoja amefungwa mdomo kwa sababu yake.

Siku ya mwisho wa shule wanafunzi wanaandikiana kwenye mashati, mchezo ambao wengi wetu tuliucheza tulipomaliza. Nam anamfuata Shone kando ya bwawa la kuogelea na kumwaga yote ya miaka mitatu: kila alichojaribu, kila alichobadilisha mwilini na darasani, kilikuwa kwa ajili yake. Halafu anaona maandishi kwenye shati la Shone. Tayari yuko na msichana mwingine, Pin, na ni jambo la juzijuzi tu. Nam anajaribu kucheka, anarudi kinyumenyume, anatumbukia bwawani. Pimchanok anastahili sifa zote kwa sini hii, maana anacheka na kulia kwa uso uleule bila kutuonyesha mahali kimoja kinapoishia kingine kikaanza.

Mwandishi wa kawaida angeishia hapo, au angemrudisha Shone mbio dakika tano baadaye. Waongozaji hawa wanatupeleka nyumbani kwa Shone. Amepata nafasi katika timu ya vijana ya klabu ya mpira ya Bangkok Glass, lazima aondoke, na kabla ya kuondoka anafungua albamu. Ndani kuna picha za Nam. Tangu yule wa mwanzo, mwenye miwani, kabla hajabadilika chochote. Pembeni ya picha kuna maneno yake mwenyewe. Kumbe wakati Nam anamchungulia, naye alikuwa anachungulia kwa lenzi. Kwa dakika chache filamu nzima inapita mbele yetu upya, kutoka upande ambao hatukuwahi kukaa, na kila kitu kilikuwa kimeshaonyeshwa. Waridi lilikuwa lake. Hakuna taarifa mpya iliyochomekwa mwishoni kutuokoa, na ndiyo maana inauma. Tulikuwa na ushahidi wote, tukausoma kwa macho ya binti asiyejiamini. Ukitaka kuiga kitu hapa, iga mpangilio huo: siri isiwe kitu ulichomnyima mtazamaji, iwe kitu alichokiona akakipuuza.

Sasa kwenye rangi ya ngozi, ambapo filamu inanikera. Nam anavyopendeza, anazidi kuwa mweupe. Marafiki wanamsugua na kumpaka, miwani inatoka, nywele zinanyooka, na ghafla anapewa nafasi ya Snow White, binti wa ngano mwenye ngozi nyeupe kama theluji, kwenye mchezo wa shule, kisha anaongoza bendi ya gwaride. Sisi tunaoishi na mkorogo madukani hatuhitaji kufafanuliwa sini za namna hiyo zinamfundisha nini binti wa miaka kumi na minne. Watetezi wa filamu watasema albamu inayapindua hayo yote, kwa kuwa Shone alimpenda kabla ya sabuni na vipodozi. Ni kweli, na ni hoja nzuri. Lakini mtazamaji ametumia zaidi ya saa moja akifurahia mabadiliko hayo, ilhali albamu inachukua dakika chache. Hoja ya mswada na starehe ya picha zinavutana, na kwa maoni yangu starehe ndiyo inayoshinda kwa watazamaji wengi. Mwandishi wa huku anayetaka kuazima hadithi hii afikirie kwanza jinsi ya kumkuza binti bila kumchubua. Na dawa imo humohumo kwenye filamu: Nam anapanda kutoka mwanafunzi wa kawaida hadi wa kwanza. Hayo ndiyo mabadiliko yanayompeleka Marekani, lakini yamepewa muda mfupi kuliko nywele.

Kuhusu mwalimu Inn na mahaba yake kwa mwalimu wa michezo, ni vichekesho vya sauti kubwa. Wengine watavifurahia, mimi ningepunguza nusu.

Mwisho unaruka miaka tisa. Nam amerudi kutoka Marekani akiwa mbunifu wa mavazi, amealikwa kwenye kipindi cha televisheni, na wanamletea Shone, ambaye sasa ni mpiga picha. Anaulizwa kama ameoa, naye anajibu kwamba alikuwa anamsubiri mtu arudi kutoka Marekani. Kuna wanaoipenda filamu hii kwa ajili ya jibu hilo. Mimi nikiwa mezani na mhariri ningesimama pale albamu inapoachwa mlangoni kwa Nam, kwa sababu miaka tisa ya kusubiri bila hata barua inamgeuza kijana wa kweli tuliyemjua kuwa zawadi ya mshindi. Lakini nimeshaitazama na watu ukumbini, na dakika ile wanashangilia kwa makofi. Mtayarishaji yeyote akisikia makofi yale, hatanikubalia nikate.