Kompyuta ya mezani inaganda na kujizima: dhana potofu na ukweli wake

Kompyuta ya mezani ikianza kuganda au kujizima yenyewe, hukumu hutoka kabla hata kasha halijafunguliwa: "Hiyo ina virusi, piga Windows upya." Mwenye mashine analipa, mambo yanakwenda siku mbili tatu, kisha ugonjwa unarudi palepale.

"Ni virusi tu"

Mara chache. Virusi vya siku hizi vinataka kukaa kimya viibe nywila au vitumie mashine yako kwa siri. Kuizima kila saa ni kujifichua. Tena programu ya kinga yenyewe inaweza kuwa ndiyo chanzo. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta za Windows takribani milioni 8.5 duniani zilianguka na kuonyesha skrini ya bluu, ndege zikakwama viwanjani. Hapakuwa na mdukuzi. Lilikuwa sasisho bovu la CrowdStrike, programu ya ulinzi.

"Piga Windows upya, itapona"

Kupiga Windows upya huponya Windows iliyoharibika, basi. Hakufufui feni iliyokufa wala hakutengenezi RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mbovu. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba diski ikifutwa, ushahidi wote unakwenda nayo. Skrini ya bluu inapotokea, kwa kawaida Windows huacha faili dogo ndani ya C:\Windows\Minidump, na skrini yenyewe huonyesha jina la kosa. Lipige picha kwa simu. MEMORY_MANAGEMENT inakwambia uanzie kwenye RAM. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR kwa kawaida ni vifaa vyenyewe vinavyolalamika: prosesa (chipu inayofanya hesabu zote), joto, umeme.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika *perfmon /rel*. Itafunguka kalenda yenye alama nyekundu kila siku mashine ilipoanguka. Ukikuta alama zimeanza siku ileile uliyoweka draiva (programu inayoendesha kifaa) mpya ya kadi ya picha, umeshapata pa kuanzia bila kumlipa mtu.

"Imeandika Kernel-Power 41, kwa hiyo pawa saplai imekufa"

Hii ni dhana ya wanaojua kidogo, na inawagharimu. Wanafungua *eventvwr*, orodha ya matukio ya Windows, wanakuta tukio namba 41, wanakimbilia dukani kununua pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika litaandikwa; prosesa ikizidiwa na joto litaandikwa; hata wewe ukishikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, litaandikwa.

Umeme haujasafishwa jina lakini. Mshukiwa anayesahaulika ni UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Betri yake huchoka kwa miaka 3 hadi 5, na kwenye joto la Dar au Mombasa huenda mapema zaidi, huku taa ya kijani ikiendelea kuwaka kama kawaida. Umeme ukiyumba kidogo tu, UPS inajaribu kubeba mzigo, inashindwa, kompyuta inazima, na taa za sebuleni hazijapepesa hata. Kuipima ni rahisi: hifadhi kazi zako, funga programu zote, chomoa UPS ukutani. Kompyuta ikizima papo hapo, betri imekwisha.

Pawa saplai mbovu ina tabia yake. Mashine inatulia ukiandika barua, inazima ghafla mzigo unapopanda, kwa mfano mchezo unapoanza. Ukitaka uhakika, azima nyingine nzima uijaribishe. Usiifungue ile ya zamani. Kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme) hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

"Fungua ubavu wa kasha ipate hewa"

Kama jaribio, sawa. Kama tiba, unavuruga njia ya hewa na kuingiza vumbi zaidi. Prosesa ikipata joto hupunguza kasi kwanza, ikizidiwa hujizima bila kuaga, pasipo skrini ya bluu. Tatizo huwa chini ya feni. Ukiitoa kwenye mashine iliyotumika miaka bila kusafishwa, utakuta vumbi limeshikana kama blanketi juu ya mapezi ya kipoza joto, unalibandua kipande kizima. Chomoa waya wa umeme, zuia feni kwa kidole isizunguke, puliza kwa blowa. Ukikiondoa kipoza joto chenyewe, paka juu ya prosesa krimu mpya ya kupitisha joto kabla ya kukirudisha.

"Ongeza RAM"

RAM zaidi hutibu uzito, haitibu makosa. Kumpata kipande kibovu, acha kipande kimoja tu cha RAM, tumia mashine, kisha weka kingine mahali pake. Au iache programu ya MemTest86 ikiikagua RAM usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Wale wanaosugua meno ya RAM kwa kifutio na mashine ikapona, mara nyingi kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka tena.

"Mpya haiwezi kuwa na kasoro"

Inaweza. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kubwa kupita kiasi. Marekebisho huja kupitia BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Hiyo inarudishwa kwa dhamana, ambayo Intel iliiongeza kwa miaka 2.

"Imeganda, endesha chkdsk"

Chkdsk ni programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Kabla yake, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiitika, mfumo bado uko hai. Kama mshale wa kipanya unatembea lakini hakuna kinachofunguka, na taa ya diski haizimi, diski ndiyo ya kushukiwa. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha hali yake. Ikitoa onyo, nakili picha na nyaraka zako siku hiyohiyo. Chkdsk huilazimisha diski inayokufa kusoma na kuandika kwa nguvu, na inaweza kuimaliza. Iendeshwe baadaye, faili zikiwa zimeshahamia kwingine.