Je, wajua kwa nini bodi ya pikapu iliyopauka hurudi kuwa nyeusi ikimwagiwa maji?

Tazama pikapu zinavyooshwa asubuhi karibu na soko la Kilombero, Arusha, zikishashusha kabichi na viazi. Hilux imefika na bodi, yaani ile sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo, ikiwa ya kijivu kama jivu la mkaa. Inamwagiwa ndoo moja ya maji, na papo hapo ule mpako mgumu wenye chengachenga uliopuliziwa ndani ya bodi unakuwa mweusi tii, kama siku gari liliponunuliwa. Nusu saa ya jua, kijivu kimerudi.

Wengi husema rangi imekufa. Haijafa, na ndoo ile ya maji ndiyo inayotuonyesha.

Weusi wa mpako huo ni masizi. Ni jamaa wa masizi yanayoganda kwenye sufuria ya kuni, ila haya hutengenezwa kiwandani kwa kuunguza mafuta mazito penye hewa haba, na ndiyo yanayoipa tairi weusi wake. Jua halichujui masizi. Linachoharibu ni ile plastiki iliyoyashika, yaani poliyurethani, ambayo Otto Bayer na wenzake waliigundua Ujerumani mwaka 1937, au poliyurea iliyokuja baadaye. Mionzi ya urujuanimno hukata viungo vya kemikali vya plastiki hiyo juu kabisa, kwenye utando mwembamba kuliko karatasi. Utando unapasuka nyufa zisizoonekana kwa macho, unalika, unageuka unga. Pitisha kitambaa cheupe juu ya bodi kavu iliyokwisha kuoshwa: ule unga wa kijivu unaobaki kwenye kitambaa ndio huo.

Na jua letu si la mchezo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi hiyo kwa asilimia 10 hadi 12. Tena tuko nyuzi 3 tu na ushei kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita na nusu mchana hupita utosini kabisa. Bodi ya pikapu imelala chali chini yake, haina paa wala kivuli. Ubavu wa gari hupata afueni, bodi haipati.

Sasa maji yanafanya nini? Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu neno tunalotumia kwa bodi ndilo tunalotumia kwa miguu: kupauka. Mtoto akioga asubuhi ya Julai, baridi ya Arusha ikiwa imekaza, kisha asipakwe mafuta, miguu inapauka. Ngozi haijapoteza rangi. Ni magamba madogo yaliyokauka na kuinuka, na mwanga ukiyapiga unatawanyika kila upande, jicho likaona weupe. Mpakie mafuta, rangi yake inarudi palepale. Bodi ni vivyo hivyo. Kipimo cha jinsi kitu kinavyopinda mwanga ni 1.00 kwa hewa, 1.33 kwa maji, na karibu 1.5 kwa poliyurethani. Nyufa zikijaa hewa, mwanga unakutana na tofauti kubwa na kutawanyika. Zikijaa maji, tofauti inapungua, mwanga unazama ndani na kumezwa na masizi. Ndiyo sababu pia udongo uliolowa huwa mweusi kuliko mkavu.

Kwa hiyo kazi ya kurudisha rangi ni kujaza nyufa hizo kwa kitu kisichokauka na kuondoka, au kuuondoa utando uliooza na kufunika upya. Dizeli na oili chafu, ambazo watu hupaka sana, hujaza kweli, kwa siku chache. Halafu zinanasa vumbi lote la barabarani, zinalainisha mpako wenyewe, na bodi inakuwa telezi kwa anayepanda kupakia mikungu ya ndizi. Silikoni ya kung'arishia tairi ina afadhali, lakini siku ukitaka kupiga rangi, rangi itaikataa na kujaa vishimo.

Njia ya kudumu huanza na usafi. Sabuni ya kuondoa grisi, brashi ngumu ya nailoni, maji mengi. Kwanza hakikisha weupe huo si saruji. Aliyebeba mifuko ya saruji anaweza kuhangaikia rangi kumbe ni ukoko tu, na siki iliyochanganywa na maji huulegeza. Kisha kwaruza kwa msasa mpaka unga uishe, futa, acha ikauke kabisa hadi ndani ya mabonde ya zile chengachenga. Hapo ndipo unapuliza koti la juu la poliyurethani. Dukani uliza jambo moja: je, ni ya alifatiki au ya aromatiki? Za aromatiki ni rahisi kwa bei lakini zina muundo wa pete unaofyonza mionzi, zikageuka manjano, kisha zikapauka tena. Za alifatiki hustahimili jua. Mpako wa chini unaweza kuwa wowote, mradi huu wa juu uwe alifatiki. Na kama mpako wako ulikuwa mwekundu au wa bluu, huenda rangi yenyewe imechujuka kweli, maana rangi nyingi za aina hiyo hazina ukaidi wa masizi. Maji hayatairudisha, itabidi kupiga upya.

Hadina ya rangi hizi, yaani dawa inayochanganywa ili rangi ikaze, ina kemikali iitwayo isosayanati. Mvuke na ukungu wake ukivutwa unaweza kuleta pumu isiyoondoka, na ukishampata fundi, hata kiasi kidogo baadaye kinambana kifua. Kitambaa puani hakizuii chochote. Fundi rangi anastahili barakoa yenye vichujio vya mvuke au ya kuletewa hewa safi kwa bomba, na mwenye gari asione vibaya kuilipia. Watoto wakae mbali na kibanda cha kupulizia rangi.

Chagua pia siku. Isosayanati hukutana na unyevu ikatoa hewa ya ukaa, na koti linajaa mapovu. Masika si wakati wake, na hata kiangazi subiri umande ukauke, kama saa nne hivi. Kisha fuata muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kupakia mzigo, na usipunguze hata kama kesho yake ni siku ya soko Tengeru.