Ng'ombe, dola na echo: dhana potofu kuhusu PHP

Wanafunzi wangu hapa Kampala huanza PHP, lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti, kwa kutengeneza ukurasa wa bei za sokoni, kwa Kiswahili. Makosa yao hufanana sana, na mengi yanatokana na dhana wanazokuja nazo.

Dhana: alama ya $ ni ya fedha za Marekani.
Hapana. Inaonyesha tu kwamba neno linalofuata ni jina la kigeu, yaani kihifadhi cha thamani. `$bei = 35000;` yaweza kuwa shilingi za Uganda au kilo za mahindi. Ila angalia herufi: `$bei` na `$Bei` ni vigeu viwili.

Dhana: nukuu za mkato mmoja na za mikato miwili ni mamoja.
Hapa mimi hutumia somo zima. Echo ni amri ya kutoa maandishi. `echo "Bei: $bei/=";` huonyesha Bei: 35000/=, kwa sababu ndani ya mikato miwili PHP hutafuta thamani ya kigeu. Ukiandika `echo 'Bei: $bei/=';` mteja atasoma neno $bei lilivyo.

Kiswahili chetu kinaongeza mtego wake: ritifaa, ile alama ya ' iliyo ndani ya ng'ombe. `echo 'Ng'ombe wanauzwa';` huangusha faili zima, maana PHP huona maandishi yameishia kwenye Ng, kisha inakutana na neno ombe isilolielewa. Tumia mikato miwili, au tanguliza mkwaju wa nyuma: `'Ng\'ombe wanauzwa'`. Nimeona kijana akibadilisha ng'ombe kuwa mbuzi ili ukurasa ufunguke, na iliniuma. Lugha isipunguzwe kwa ajili ya alama moja.

Dhana: echo huandika kwenye skrini.
Echo huandika maandishi ambayo seva (programu inayotoa kurasa) huyatuma kwa kivinjari, nacho huyasoma kama HTML, lugha ya kupangia kurasa za wavuti. Ndiyo maana `\n`, alama ya mstari mpya, haishushi mstari kwenye ukurasa wa kawaida, ila `<br>` hushusha. Ndiyo maana pia ukibofya faili la PHP bila seva, hupati matokeo.

Hatari iko hapohapo. Mtu akijaza `<script>` penye jina lake kwenye fomu, nawe ukalitoa jina hilo kwa echo vivyo hivyo, kivinjari cha msomaji kitatekeleza alichoandika. Tafadhali usiliache hili: `echo htmlspecialchars($jina);`, ambayo hugeuza alama kama `<` ziwe maandishi tu. Na ritifaa inarudi tena. Kabla ya PHP 8.1, iliyotoka Novemba 2021, kazi hiyo haikuigusa ritifaa mpaka uongeze `ENT_QUOTES`, kwa hiyo `value='Ng'ombe'` ilikatikia njiani. Jua toleo la seva yako.

Dhana: echo ina kasi, print imepitwa.
Tofauti ya kasi hutaiona. Print, amri nyingine ya kutoa maandishi, hupokea kitu kimoja na kurudisha 1. Echo hupokea vingi vilivyotenganishwa kwa koma na hairudishi chochote. Kwa bei, koma hizo zinafaa: `echo number_format($bei), '/=';` hutoa 35,000/=.