Mbwa wa mbegu: usajili wake hauanzi siku unayomleta nyumbani

Malalamiko yanayofika kwenye meza za usajili za vyama vya mbwa kama chetu siku hizi yanafanana mno. Mtu amenunua mtoto wa mbwa, ameambiwa ni wa mbegu safi, amelipa bei ya mbegu safi, na muuzaji ameahidi kwamba "karatasi zinakuja". Miezi inapita, mbwa anakua, karatasi hazionekani. Mwisho mnunuzi anakuja mwenyewe na mbwa wake kwenye kamba, anaomba asajiliwe, na anajibiwa kuwa haiwezekani. Anaondoka akiamini kwamba amekutana na urasimu.

Uchungu wake tunauelewa, na wengi wa hawa ni watu waliotaka kufuata utaratibu tangu mwanzo. Lakini jambo moja lieleweke: mnunuzi hasajili mbwa. Anayesajili ni mwenye mama yake, na anasajili uzao mzima kwa mara moja. Kazi ya mnunuzi ni kuhamisha umiliki wa mbwa ambaye tayari yumo kwenye daftari la nasaba, yaani daftari la chama linaloandika wazazi wa kila mbwa. Kama hayumo, hakuna cha kuhamisha.

Utaratibu, kama unavyofuatwa na vyama vingi vya nasaba, unaanza kabla ya mimba. Mbwa jike na mbwa dume wote wawili wawe wamesajiliwa. Siku ya kupandisha, mwenye dume anasaini fomu inayotaja tarehe na namba za usajili za mbwa wote wawili. Watoto wakizaliwa, mwenye jike anapeleka taarifa ya uzao: tarehe, idadi ya madume na majike, rangi ya kila mmoja, pamoja na waliokufa. Kila mtoto anawekewa chipu, kidude kidogo chenye namba kinachochomwa chini ya ngozi, anapewa jina rasmi, na hapo ndipo cheti cha nasaba kinatolewa kwa jina la mzalishaji, yaani huyo mwenye jike. Tarehe hizi zinakaguliwa. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, kwa hiyo fomu inayoonyesha jike aliyepandwa na kuzaa ndani ya siku 45 inarudishwa, hata kama aliyeisaini ni mwanachama wa miaka mingi. Taarifa ikichelewa, adhabu ya kuchelewa inaongezwa kwenye ada, na ikichelewa kupita ukomo uliowekwa uzao haupokelewi tena mpaka vinasaba (DNA) vya watoto na wazazi vipimwe kwa gharama ya mzalishaji.

Vinasaba pia vinadaiwa pale jike anapokuwa amepandwa na madume wawili katika joto moja, yaani kipindi kimoja cha kupandwa. Hili si jambo la ajabu. Watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti, na hapo hakuna mtoto anayeandikwa mpaka baba yake ajulikane.

Sasa nije kwenye hoja tunayoisikia kila siku: "Mwangalieni tu, mnaona kabisa kwamba ni German Shepherd." Kuona hakutoshi. Daftari la nasaba halirekodi sura ya mbwa, linarekodi wazazi wake. Chotara wa kizazi cha pili anaweza kuwa na sura ya mbegu safi kabisa, na mbwa wa nasaba kamili anaweza kuzaliwa na rangi isiyokubaliwa katika viwango vya mbegu yake. Wengine wanaleta majibu ya kile kipimo cha vinasaba kinachouzwa mitandaoni, kinachosema mbwa ni asilimia fulani ya mbegu fulani. Hicho ni kipimo cha makadirio. Kinachokubalika katika usajili ni kipimo cha uzazi, kinacholinganisha mtoto na baba na mama waliotajwa kwa namba zao. Kama wazazi hawajulikani, hakuna cha kulinganisha naye.

Zipo nchi ambazo vyama vyao vina daftari la awali kwa baadhi ya mbegu. Mbwa asiye na nasaba anakaguliwa na waamuzi, akikubalika anaingizwa kama kizazi cha kwanza, na vitukuu wake ndio watakaofikia nasaba kamili. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, linahesabu nasaba kuwa kamili pale vizazi vitatu vilivyotangulia vinapokuwa vimeandikwa vyote. Uliza kama mlango huo upo kwenye chama chako, na usiuchukulie kuwa ni haki ya kila mbwa.

Kwa kuwa tatizo kubwa linatokea siku ya malipo, nishauri namna ya kuikabili siku hiyo. Mwombe muuzaji cheti, kisha muombe daktari wa mifugo apitishe skana, kifaa cha kusoma namba ya chipu, kwa mtoto wa mbwa mbele yako. Apitishe taratibu kati ya mabega, na asipopata mlio ashuke upande wa shingo, mabega yote mawili, hadi kifuani, maana chipu huweza kusogea kutoka pale ilipochomwa. Chipu inayofuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785 ina tarakimu 15. Zisome moja baada ya nyingine ukilinganisha na zilizoandikwa kwenye cheti. Usiridhike na nne za mwisho. Watoto wa uzao mmoja mara nyingi huchomwa chipu za pakiti moja, namba zikafuatana, na ndugu wawili kubadilishiwa karatasi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kosa hilo likigunduliwa siku ileile linarekebishwa kwa fomu moja. Likigunduliwa baada ya miaka miwili, mbwa wote wawili wanasimamishwa daftarini mpaka wapimwe.

Ukishamaliza chipu, kitazame cheti chenyewe. Jina refu lililoandikwa pale, lenye jina la banda la mzalishaji ndani yake, ndilo jina rasmi, na kwa kawaida halibadilishwi. Nyumbani muite Simba au Bobi, haituhusu. Upande wa juu wa jedwali ni ukoo wa baba, wa chini ni wa mama. Pitisha kidole kwenye majina ya mababu: jina lilelile likijitokeza juu na chini, mbwa wako amezaliwa na wazazi wenye udugu. Ndugu wa mbali ni kawaida katika mbegu nyingi. Babu mmoja akiwa ndiye babu wa pande zote mbili, muulize mzalishaji kwa nini alifanya hivyo, na usikilize jibu lake kwa makini. The Kennel Club ya Uingereza tangu 2009 haisajili watoto wa mzazi na mwanawe wala wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na mimi naunga mkono msimamo huo bila kusita.

Angalia pia kama kuna zuio. Mzalishaji ana haki ya kusajili mtoto wa mbwa kwa masharti kwamba watakaozaliwa naye hawatasajiliwa. Si adhabu wala si dosari. Mara nyingi ni njia yake ya kulinda mbegu. Ila zuio hilo huondolewa na aliyeliweka peke yake, si ofisi. Wapo wanaokuja kulalamika uzao wao umekataliwa, na ukikifunua cheti unakuta zuio limechapwa tangu siku ya kwanza. Soma kabla ya kusaini.

Halafu hamisha umiliki mara moja. Fomu inasainiwa na muuzaji na mnunuzi, inaambatanishwa na cheti cha asili, siyo nakala. Mpaka hapo mabadiliko yatakapoandikwa, mbele ya daftari mbwa bado ni wa mzalishaji, hata kama analala sebuleni kwako. Mzalishaji akihama au akifariki kabla hajasaini, itabidi umiliki uthibitishwe kwa viapo na stakabadhi, kazi ya miezi.

Cheti chetu kisichanganywe na mambo mengine mawili. La kwanza ni kanzidata ya chipu, ambayo mara nyingi inaendeshwa na taasisi nyingine kabisa. Chipu haina jina lako wala simu yako ndani yake; ina namba tu. Usipoiandikisha namba hiyo pamoja na mawasiliano yako, mbwa akipotea na kuokotwa, skana italia na hakuna atakayekupigia. La pili ni leseni na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambazo ni sheria ya mamlaka za serikali. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza ni nadra sana mtu kupona. Chanjo ya kwanza kwa kawaida hutolewa mtoto wa mbwa akifikisha wiki 12. Mbwa mwenye nasaba ya vizazi kumi asiyechanjwa ni hatari sawa na mbwa asiye na mwenyewe, na cheti cha nasaba hakimwondolei mtu faini.

Wala cheti si hati ya afya. Kinasema mbwa ametoka kwa nani, basi. Kwa mbegu zinazosumbuliwa na nyonga, kama German Shepherd, Labrador na Rottweiler, dai majibu ya eksirei ya nyonga za wazazi. Katika mfumo wa FCI hupangwa kwa herufi kuanzia A, nyonga nzuri, hadi E, zilizoharibika sana. Mzalishaji makini anayo mkononi na hataona kwamba unamtilia shaka.

Neno kuhusu vyama vyenyewe. The Kennel Club ilianzishwa 1873, American Kennel Club 1884, FCI 1911, na kati yao na vyama wanavyovitambua kuna makubaliano ya kukubali vyeti. Nje ya mtandao huo wapo watu wanaochapisha "vyeti" kwa yeyote atakayetuma picha na malipo. Karatasi hizo zina mihuri ya dhahabu na hazina thamani yoyote kwenye daftari. Ukinunua mbwa kutoka nchi nyingine, cheti cha nasaba cha kusafirishia nje huombwa na muuzaji kwenye chama cha huko alikotoka, kabla mbwa hajaondoka. Kukiomba baadaye inawezekana kwa baadhi ya vyama, lakini bado ni muuzaji anayetakiwa kuomba, na aliyekwisha kulipwa hana haraka.

Kuhusu udanganyifu, adhabu ni kali na inawafika hata wasiohusika. Ikithibitika kwamba baba au mama aliyetajwa siye, usajili wa uzao wote unafutwa, pamoja na wa watoto na wajukuu waliotokana nao, popote walipo. Mzalishaji anasimamishwa au kufukuzwa, na kughushi saini au cheti kunaweza kupelekwa polisi. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema anapoteza cheti vilevile. Tunajua inauma. Daftari lenye baba mmoja wa uongo linaharibu nasaba za mbwa wengi ambao wenye nao hawajafanya kosa lolote.

Kama umeshanunua na karatasi hazijafika, usisubiri mwaka upite. Muandikie muuzaji ukitaja tarehe ya mwisho, kisha lete kwenye chama mkataba au stakabadhi, namba ya chipu, jina la mzalishaji na mawasiliano yenu yote. Tutaangalia kama uzao ulitangazwa. Ukiwa umetangazwa, mzalishaji tunaweza kumbana kwa kanuni za uanachama. Kama haukutangazwa, au muuzaji si mwanachama, hatuna mamlaka juu yake, na madai ya fedha yako uyapeleke mahakamani.