Sisi sio gari la matangazo jamani

Wiki hii nimepigiwa simu nyingine, mtu mpya, ofisi mpya, maneno yale yale. "Mwalimu shikamoo, tuna kampeni ya kuhamasisha wananchi washiriki uchaguzi, tunaomba kikundi chako mtupe ngoma robo saa hivi watu wajae, alafu mtaalamu wetu atapanda kutoa elimu." Bajeti ya kikundi ni nauli na soda. Ya mtaalamu nisiiseme.

Kwenye simu nimejibu kwa adabu. Hapa naomba nisijibu kwa adabu maana nshachoka.

Imani yenyewe iko hivi: watu wa kusini, yani Mtwara na Lindi huku kwetu, hawana mwamko, ila wanapenda ngoma, kwahiyo wapelekee ngoma, wakishajaa wamwagie elimu, baada ya hapo watapiga kura. Yani watu wazima na digrii zao wamekaa ofisini wakaandika hivyo kwenye andiko la mradi na mfadhili akasaini.

Tuanze na huo mwamko. Mwaka 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walisimama mnadani wakakataa bei ya korosho, hadharani, huku mzigo uko ghalani na madeni ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, yanawasubiri nyumbani. Ikafika mpaka rais Magufuli anatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi linaletwa kubeba korosho. Yaliyofuata huko kila mtu huku anayajua, sina haja ya kuyarudia. Na 2013 yale maandamano ya kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, nani alikuja kumhamasisha mtu wa Mtwara atoke nje? Alileta nani ngoma? Watu wa huku wanashiriki sana mambo ya umma, tena wakati mwingine mpaka wanaumia. Wanachopima ni kama hicho unachowaitia kina maana kwao. Ukimletea wimbo wa "kura yako ni haki yako" anaitikia kiitikio, anacheza vizuri kukushinda wewe, anaondoka. Alikuwa anajua tangu zamani kwamba kura ni haki yake.

Kuna la kalenda pia, hili nalipitia haraka. Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulikuwa 27 Novemba 2024, na kujiandikisha kulikuwa kuanzia tarehe 11 mpaka 20 Oktoba. Oktoba! Mwezi huo mtu anaokota korosho, wengine wanalala huko huko shambani kwenye mabanda, hata sauti ya spika yako hawaisikii. Alafu orodha ile ya kitongoji iko chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na sio lile daftari la kudumu la Tume ya Uchaguzi, kwahiyo mtu ana kadi yake ya mpiga kura kaiweka vizuri kwenye sanduku na nguo za sikukuu, anajua yuko sawa, kumbe kwa uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji chake hayumo. Hiyo ndo taarifa ambayo watu walikuwa hawana, inasemwa kwa dakika mbili, na haihitaji hata ngoma, inahitaji balozi wa nyumba kumi apite nyumba kwa nyumba kabla watu hawajahamia mashambani. Nilishawahi kumwambia hivyo afisa mmoja wa mradi akaniambia haipigiki picha.

Sasa tuje kwenye sanaa, maana ndo inayoniuma.

Watu wakitaka kunishinda kwenye hili wananiletea mfano wa Bibi Titi Mohamed. "Mbona TANU walitumia ngoma na watu wakajaa?" TANU ndo kile chama kilichopigania uhuru. Ni kweli, mwaka 1955 Dar es Salaam Bibi Titi alipita kwenye vikundi vya ngoma vya kina mama, lelemama na vinginevyo, na wanawake wakaingia TANU kwa wingi mpaka viongozi wanaume wakashangaa. Lakini hebu angalia alichokifanya. Hakukodi lelemama wacheze ili yeye apate watu wa kuhutubia. Yeye mwenyewe alikuwa mwana ngoma, aliwaendea viongozi wa vikundi, na vile vikundi tayari vilikuwa na viongozi wao, michango yao, kuzikana, kuoleshana, mtu akiitwa na kiongozi wake anaitika. Kilichowaingiza wale kina mama ni ule mtandao wao na jinsi walivyokuwa wanaaminiana. Sauti ya ngoma ilikuwepo, sawa, ila ukichukua sauti ukaacha mtandao umechukua maganda.

Na huku kwetu mitandao hiyo ipo hai. Kikundi cha ngoma kijijini kina mwenyekiti, mweka hazina, faini za wachelewaji, na uchaguzi wao wakati mwingine ni mkali kuliko wa kijiji. Nikifika sehemu naanzia hapo, nakaa nao, nawasikiliza wanavyogombania hela ya kununulia ngozi ya ngoma, hapo nishajua nani anasikilizwa na nani anaogopwa.

Hii sio akili yangu, ni njia ya watu. Kina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kule Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 80: unakaa na watu, wao ndo wanasema tatizo, wao ndo wanatengeneza mchezo kwa ngoma zao na hadithi zao, wanaonyeshana, wanajadili, alafu kunafuatiliwa. Hiyo ndo inaitwa uraghbishi, na anayeiongoza ni mraghbishi. Ukiangalia hapo onyesho ni sehemu moja tu na sio kubwa. Wanaonipigia simu wanataka hiyo sehemu moja peke yake, tena nusu yake.

Ngoja nieleze inavyokuwa maana nadhani wengi hawajawahi kuona. Tuchukue kijiji cha juu huko kwenye nyanda za Makonde ambako maji ni ya kununua kwa ndoo. Watu wamesema tatizo ni pampu, walichanga, pampu haijatengenezwa, hela haijulikani ilipo. Tunatengeneza nao igizo. Mkutano wa kijiji umeitishwa, mwenyekiti wa kwenye igizo anasema mapato na matumizi yatasomwa mkutano ujao, anafunga daftari, anaaga. Hapo hapo tunakata. Mraghbishi anasimama anauliza: nani anaweza kuingia akae pale alipokaa huyu mama aliyeigiza mwanakijiji afanye kitu kingine tofauti na alichofanya yeye?

Kimya.

Hapo ndo pagumu na ndo panaponitenganisha na watu wa robo saa. Kimya kile kinaweza kwenda mpaka jasho linakutoka. Mraghbishi mchanga anakiogopa, anakijaza na utani au anawapa ishara wapiga ngoma, na akifanya hivyo basi tena, watu wamejua kwamba hata wewe ulikuwa hutaki jibu. Unatakiwa ukae nacho. Alafu anainuka bibi mmoja ambaye hukumdhania, amejifunga kanga kiunoni, anaingia uwanjani. Na hasemi kuhusu hela! Anasema, "Mwenyekiti mjukuu wangu, kabla hujafunga hilo daftari tusomee muhtasari wa mkutano uliopita." Uwanja mzima unalipuka kicheko maana wote wanajua mkutano uliopita haukuwepo, na kisheria mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuwafundisha Sura ya 287, ile sheria ya serikali za mitaa, halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25, mkutano mkuu ndo wenye mamlaka ya juu kijijini, vyote hivyo. Bibi kafika huko kwa swali moja.

Alafu kijana mmoja anadakia, haya bibi, muhtasari haupo, hela haipo, utamfanya nini sasa? Mwingine anajibu, tutamtoa uchaguzi ukifika. Mwingine anacheka, wewe uliyemchagua ulikuwa wapi siku ile, si ulikuwa shambani? Na hapo ndo yanakuja yenyewe maswali ya kujiandikisha lini, wapi, kadi ile inatosha au haitoshi, mgombea lazima awe wa chama? Kila mtu anayeuliza anauliza kwa sababu anataka kukitumia hicho atakachojibiwa kesho. Neno kura mimi sijalitamka hata mara moja.

Brazili kulikuwa na Augusto Boal, ndo aliyeisambaza sana hii namna ya kukata mchezo na kuwaingiza watazamaji. Mwaka 1992 alichaguliwa diwani Rio de Janeiro, akawaingiza wasanii wake kwenye ofisi ya udiwani, wakawa wanazunguka mitaani na maigizo na yale yaliyotoka kwa watu yanaandikwa kuwa mapendekezo ya sheria. Zikapita sheria 13. Nikiwasimulia hii maafisa miradi wanaandika "sheria 13" na wanapigia mstari, alafu wananiuliza kama na sisi tunaweza kupata namba kama hiyo ndani ya robo mwaka.

Kuna kingine kinanikera zaidi, mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde; kinyago chake kimoja ni lipiko. Jamaa mmoja aliwahi kuniuliza kama tunaweza kumchongea lipiko lenye uso wa sanduku la kura na nembo ya mradi kwenye paji la uso. Sikucheka pale pale, nilienda kucheka nje. Yule aliye ndani ya kinyago hatakiwi kujulikana, ni mambo ya jando na wazee wake, na mtu wa mjini akimwita "mwigizaji wetu kwa jina fulani" kwenye maiki mbele ya kina mama na watoto ameharibu kitu ambacho hata hajui kama ameharibu. Lakini pia nisiwafanye wazee kama hawataki mabadiliko, sio kweli. Mapiko yamechonga sura za wazungu, za wakoloni, za wakubwa wa kila aina, na watu wamecheka. Kumsema mtawala kwa kinyago ni jambo la zamani kuliko hizo kampeni zenu. Ukienda ukakaa na wazee ukawaambia shida ya kijiji ni hii, wanaweza kukutolea sura mpya ambayo inamsema mwenyekiti bila kumtaja na kila mtu akamjua kwa mwendo wake tu. Wanachokataa ni kuagizwa kama fulana.

Na fulana nazo. Ukweli ambao hatuusemi kwenye ripoti ni kwamba kikundi kile kile kilichoimba "usiuze kura yako" mwezi wa nane, mwezi wa tisa kinakodiwa na mgombea kimwimbie, kwa dau zuri, na ala ni zile zile. Watu wanawatazama wanacheka. Siwalaumu wasanii, ana watoto yule na ngoma ndo kazi yake. Kwangu nimeweka sharti kwamba aliyepanda na mgombea msimu huo hashiki uraghbishi, kucheza acheze. Wawili watatu wameninunia. Na kwa wasiojua, elimu ya mpiga kura kwa uchaguzi mkuu inahitaji kibali cha Tume, sio unaamka tu unakodi spika. Hii ya mikutano ya kijiji katikati ya miaka inahitaji barua kwa mtendaji na afisa utamaduni, na uvumilivu.

Mashaka yangu? Ninayo. Wanaobaki mpaka mwisho wa mjadala ni kina mama na wazee, ambao wengi wao kura wanapiga hata nisipokuja. Vijana wa bodaboda wanaangalia wakiwa wamekaa juu ya pikipiki, wanacheka sehemu za kucheka, abiria akija wanaondoka naye. Kama yule kijana wa swali alienda kujiandikisha mimi siwezi kujua, na akiingia kwenye kile kituturi ni siri yake. Anayekwambia igizo lake limeongeza wapiga kura kijijini muulize amejuaje.

Na lipo zito zaidi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wapinzani wengi walienguliwa, vyama vikajitoa, sehemu nyingi wagombea wa chama tawala wakapita bila kupingwa. Sasa wewe msanii simama mbele ya watu ambao siku ya kura kwao haikuwepo kabisa uwaambie kura yako ni sauti yako. Mimi sikuweza. Tulichofanya ni kurudi kwenye mkutano wa kijiji, maana aliyepita bila kupingwa bado anatakiwa kusoma mapato na matumizi. Kama hiyo inatosha sijui, kuna mwenzangu wa Nachingwea anasema tunawapoza watu tu, na kuna siku namuona yuko sahihi.

Kwahiyo ukitaka kunipigia, njoo na wiki kadhaa kabla ya onyesho na jina la mtu atakayerudi kijijini baada ya onyesho. Na uangalie msimu. Kuanzia Oktoba korosho, sahau. Januari mpaka Aprili mvua, kuna njia hata pikipiki haipiti. Juni shule zikifunga ni jando na unyago, wapiga ngoma wangu wote wameshachukua kishika uchumba huko na hawarudishi. Mei ndo nzuri, ila uwahi, maana kuanzia hapo watu wanaanza kupulizia mikorosho na mkutano wa saa nne asubuhi haupati mtu.